Je, Crooks ni mwoga? Shamba, nyumba na ndoto ya Kimarekani kwa waliosukumwa pembeni

Msomaji wa Tanga aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kikundi chetu kidogo cha wasomaji kimemaliza kusoma Of Mice and Men, riwaya fupi ya John Steinbeck iliyochapishwa mwaka 1937, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze tumeagana bila ya kuelewana. Kwa wasioisoma, nitasema kwa ufupi. Vibarua wawili, George na Lennie, wanafika katika shamba kubwa karibu na Soledad, jimbo la California, katika ile miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, na njia nzima George humsimulia mwenzake hadithi ile ile ya kijishamba watakachonunua siku moja, chenye ng'ombe, nguruwe na sungura, ambako hakuna bwana atakayewafukuza. Lennie ni mtu wa miraba minne mwenye akili ya mtoto. Mzee Candy, mfagiaji aliyekatwa mkono na mashine, anaomba kuingia katika mpango huo, na kwa siku mbili tatu jambo linaonekana kama litatimia.

Ugomvi wetu unahusu sura ya nne. Ni usiku wa Jumamosi, wanaume wengine wamekwenda mjini, na Crooks, mtunza farasi, Mmarekani Mweusi aliyepinda mgongo kwa teke la farasi, yuko peke yake chumbani anajichua mgongo kwa dawa. Haruhusiwi kuingia katika bweni la vibarua wenzake kwa sababu ya rangi yake, na kwa hiyo hulala katika chumba cha matandiko ya farasi. Lennie anaingia, kisha Candy. Mwanzoni Crooks anawacheka: amekwisha kuona mamia ya watu wakipita na mafurushi mgongoni, kila mmoja na kipande chake cha ardhi kichwani, na hajaona hata mmoja aliyekipata. Lakini anaposikia kwamba fedha ipo kweli, sauti inabadilika, naye anasema kwamba kama wangehitaji mtu wa kufanya kazi bure, kwa chakula tu, angekwenda nao. Mara anaingia mke wa Curley (Curley ni mwana wa kiume wa mwenye shamba). Crooks anamwambia hana haki ya kuingia chumbani mwake, na yule mwanamke anamjibu kwamba akitaka anaweza kumfanya anyongwe juu ya mti kwa urahisi ambao hata hauchekeshi. Dakika chache baadaye Crooks anamwita Candy, anamwambia asahau alichosema, alikuwa anatania tu.

Kijana mmoja katika kikundi alisema waziwazi: Crooks ni mwoga. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alimjibu kwamba kijana huyo hajawahi kutishwa na mtu mwenye uwezo wa kutimiza kitisho chake. Mimi naona wote wawili wamesimama mbali kidogo na swali lenyewe, ambalo ningependa wajuzi wa hapa wanisaidie. Je, shamba lile lilikuwa limefungwa kwa wote, na Crooks akawahi tu kuliona kufuli? Au mlango wa Crooks ulikuwa mwingine kabisa? Na kama kuna vitabu vingine vya zama hizo vinavyojibu, naomba mvitaje.

Mhasibu Mstaafu alijibu:

Mwanzisha mada, ahsante. Mimi si mtu wa fasihi, ila nimeshika vitabu vya hesabu maisha yangu yote, na riwaya hiyo niliisoma kama mtu anavyokagua daftari la duka. Naomba tufanye hesabu pamoja, maana mwandishi ametupa tarakimu zote.

Shamba linauzwa dola 600. Mshahara wa kibarua ni dola 50 kwa mwezi pamoja na chakula. Candy alilipwa fidia ya dola 250 kwa mkono wake, ana nyingine 50 benki, na 50 zinakuja mwisho wa mwezi, jumla 350. George anapiga hesabu kwamba yeye na Lennie wakifanya kazi mwezi mmoja bila ya kutumia hata senti, watakuwa na 100. Hiyo ni 450, naye anaamini kwamba kwa kiasi hicho wenye shamba watakubali na baki italipwa baadaye. Kwa nini wakubali? Kwa sababu ni wazee waliofilisika, na bibi wa nyumba anahitaji upasuaji. Wasomaji wengi hupita hapo haraka. Kijishamba kile cha peponi ni mali ya watu wawili ambao ndoto hiyo hiyo imekwisha kuwaangusha, na ndiyo sababu bei yake ni nafuu.

Kwa hiyo, kwa George na Candy, mlango ulibaki mwezi mmoja tu ufunguke. Hata baada ya msiba wa mwisho, mke wa Curley, aliyeuawa na Lennie bila ya kukusudia, akiwa amelala maiti katika majani makavu ya zizini, Candy anamuuliza George kama wao wawili bado wanaweza kununua. Fedha ya Candy haijaenda popote. Anayekataa ni George, kwa sababu hadithi ile aliisimulia mara nyingi kwa ajili ya Lennie mpaka naye akaiamini, na bila ya Lennie hana hamu tena. Atamaliza mwezi wake, atachukua dola zake 50, na ataziacha kwa wanawake wa mjini. Hayo ni maumivu makubwa, lakini ni maumivu ya mtu ambaye alikuwa na la kukataa.

Sasa mtazameni Crooks katika daftari hilo hilo. Hakuna anayemuuliza ana akiba kiasi gani. Yeye ni mfanyakazi wa kudumu, mwenye vitu vingi kuliko vibarua wapitao njia: ana jozi kadhaa za viatu, saa kubwa ya kuamsha, miwani, vitabu. Huenda ana fedha kuliko George. Hata hivyo haweki senti mezani. Anatoa jasho lake bure. Mimi nilipofika hapo niliweka kitabu chini, kwa sababu mtu anayetoa nguvu zake bila ya ujira amekwisha kujipigia bei kabla ya kuuliza, naye anajua kwamba bei pekee ambayo wenzake wanaweza kumkubalia ni sifuri. Na hata kwa sifuri hakupata.

Mwanamke wa Kaskazini alijibu:

Mzee wangu Mhasibu, shikamoo. Hesabu yako imenigusa, nami naomba niipeleke mbele, kutoka shambani hadi mjini, kwa sababu ninaishi Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mwaka wa kumi na saba sasa, na jambo hili sikulisoma katika riwaya tu.

Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba ndogo ya mbao, nzee, yenye baraza ya mbele na mti mkubwa. Tulipokuwa tukikusanya nyaraka, tuliletewa nakala ya hati ya mwaka 1926, iliyopigwa kwa mashine ya taipu, herufi zake zimefifia pembeni. Kati ya sharti la urefu wa ua na sharti la kutofuga kuku, kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba kiwanja hicho hakitauzwa wala kupangishwa wala kukaliwa na mtu asiye wa asili ya Kizungu, isipokuwa watumishi wa ndani watakaoishi na mwajiri wao. Nilisoma mara tatu. Kanuni hizo hazina nguvu tena, lakini maneno bado yamo kwenye karatasi, na kilichonikaa rohoni si katazo lenyewe bali ule ubaguzi ndani ya ubaguzi: ningeweza kulala katika nyumba hiyo, mradi niwe nimekuja kuifagia.

Ndiyo maana kitabu ninachokitaja hapa ni tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, iliyoonyeshwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya tamthilia ya New York, kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1959. Hansberry ndiye mwanamke Mweusi wa kwanza ambaye tamthilia yake ilipanda jukwaa hilo, naye hakuwa hata na miaka 30. Familia ya Younger inaishi upande wa kusini wa Chicago katika nyumba finyu ambayo mtoto wao, Travis, hulala sebuleni, na choo kiko ukumbini na hutumiwa na jirani. Baba wa familia amefariki dunia, na bima yake italipa dola 10,000. Walter, mwanawe, ni dereva wa mtu tajiri. Mkewe Ruth hufanya kazi za nyumba katika majumba ya Wazungu, na Mama Lena mwenyewe amezifanya kazi hizo. Kwa maneno mengine, wote watatu ni watu ambao hati yangu ya 1926 ingewaruhusu kulala humu ndani.

Mama anatoa dola 3,500 kama arubuni ya nyumba katika mtaa wa Clybourne Park, mtaa wa Wazungu. Hafanyi hivyo kwa kutaka ugomvi. Anaeleza kwamba alitafuta nyumba nzuri zaidi kwa bei ndogo zaidi, na kwamba zile wanazojengewa Weusi mbali huko zinagharimu kama mara mbili ya nyingine. Hapo, Mzee Mhasibu, kuna hesabu nyingine ya kushangaza: mwenye kipato kidogo anauziwa kwa bei kubwa, kwa sababu hana soko lingine la kwenda. Dola 6,500 zilizobaki anampa Walter, akimwagiza aweke 3,000 kwa masomo ya udaktari ya dada yake, Beneatha. Walter anampa zote mtu aliyeahidi kufungua naye duka la pombe, na mtu huyo anatoweka. Aliyewaibia si Mzungu. Hansberry alikuwa mwandishi mkweli.

Kisha anakuja Karl Lindner, mjumbe wa chama cha wakazi wa mtaa ule, amevaa suti, ana adabu, anazungumza polepole, anashika kofia yake. Hatishi kama mke wa Curley. Anasema tu kwamba watu wa kule wameshirikiana, na wako tayari kuinunua nyumba tena kwa bei ambayo familia itapata faida. Nimeiona tamthilia hii jukwaani mara mbili, na kila mara Lindner ndiye aliyenitisha kuliko wote, kwa sababu ya ile adabu. Familia ina fedha, ina hati, ina ufunguo, na bado kuna mtu anayewafuata sebuleni kuwalipa ili wasiwepo.

Hansberry hakulibuni jambo hilo. Mwaka 1937, mwaka ule ule ilipotoka riwaya mnayoijadili, baba yake alinunua nyumba Chicago katika eneo lililofungwa kwa hati za aina hiyo. Majirani walikusanyika nje kwa fujo, tofali likarushwa ndani na kidogo limpige Lorraine, ambaye alikuwa mtoto. Shauri lilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1940 familia ilishinda, lakini kwa hoja ya utaratibu tu: mahakama haikusema kwamba hati zenyewe ni batili. Mpaka 1948 ndipo mahakama hiyo iliposema kwamba mahakama za nchi haziwezi kutumiwa kuzitekeleza, na mpaka 1968 ndipo sheria ya nyumba ikakataza ubaguzi huo waziwazi.

Kuhusu swali la ujasiri: Walter, akiwa amepoteza kila kitu, anamwita Lindner arudi, tayari kupokea fedha zake. Mama anamtaka afanye hivyo mbele ya Travis. Walter anashindwa kuzipokea, na anasema watahamia. Wengi huita huo mwisho wa furaha. Mimi natazama kile kimmea cha dirishani ambacho Mama anakirudia mlangoni akakikumbatia, mmea uliokosa jua miaka yote, na najiuliza usiku wao wa kwanza katika nyumba ile ulikuwaje.

Mwalimu wa Fasihi alijibu:

Nimewasoma wote kwa makini. Dada wa Minnesota, hati yako ingefaa kusomwa darasani. Hata hivyo nina pingamizi.

Neno lenyewe, ndoto ya Kimarekani, yaani imani kwamba kila mtu anaweza kujipatia maisha bora kwa juhudi zake, lilienezwa mwaka 1931 na mwanahistoria James Truslow Adams, katikati ya mdororo, yaani wakati ambapo watu walikuwa wakipoteza mashamba na akiba zao. Nadhani jina hilo lilihitajika zaidi pale kitu chenyewe kilipokuwa kinaponyoka. Kwa hiyo waandishi wa miaka ile walikuwa wanaandika juu ya kitu kilichokwisha kupewa jina na kuanza kuuzwa kama bidhaa. Steinbeck aliona hivyo, na ninamheshimu. Lakini tusisahau kwamba Crooks ana sura moja tu, na kwamba mke wa Curley hana hata jina. Mwanamke huyo naye ana ndoto, aliambiwa na mtu kwamba atamtia katika sinema za Hollywood, akasubiri barua ambayo haikuja, akaamini kwamba mama yake ameiiba, na kwa hasira akaolewa na Curley. Mnyonge huyu ndiye anayemkanyaga mnyonge mwingine kwa silaha pekee aliyonayo, yaani rangi yake. Mwandishi aliyaona hayo yote na bado akamwacha bila ya jina, kama vile wanaume wa shamba lile walivyomwacha. Wenzangu husema ni makusudi. Hata makusudi yana gharama yake.

Waandishi Weusi waliouliza swali lile lile hawakujibu kwa sauti moja. Richard Wright, katika Native Son ya mwaka 1940, anamweka Bigger Thomas na rafiki yake Gus barabarani Chicago wakitazama ndege inayoandika tangazo angani kwa moshi. Bigger anasema angeweza kuirusha kama angepewa nafasi. Gus anamjibu kwamba ndiyo, kama asingekuwa Mweusi, na kama angekuwa na fedha, na kama wangemruhusu kuingia chuo cha urubani. Masharti matatu, na yote yanasemwa kwa kicheko. Baadaye tunaelewa kwamba chumba kimoja chenye panya anamoishi Bigger na mama yake na ndugu zake ni cha kampuni ya Bwana Dalton, tajiri ambaye huwapelekea vijana Weusi meza za kuchezea tenisi ya mezani na kuhesabiwa mfadhili wao. Kodi inaingia kwa mlango mmoja na sadaka inatokea kwa mwingine.

Lakini Zora Neale Hurston, katika Their Eyes Were Watching God, ambayo nayo ni ya 1937, anageuza swali lote. Kwake ardhi inapatikana. Bibi yake Janie, mhusika mkuu, bibi aliyezaliwa utumwani, anamwoza mjukuu wake kwa mwanamume mwenye ekari 60, kwa sababu haoni usalama mwingine kwa mwanamke Mweusi ila kukaa barazani kama walivyokaa mabibi wa Kizungu. Janie anakimbia ekari hizo 60. Anakwenda na Joe Starks hadi Eatonville, mji halisi wa Weusi ulioko Florida, ambako Hurston mwenyewe alikulia. Joe ananunua ekari 200, anakuwa meya, anafungua duka, anajenga nyumba kubwa nyeupe. Ndoto imetimia kila kipengele. Na ndani ya duka hilo Janie anafungishwa kitambaa kichwani ili wanaume wasizione nywele zake, na anakatazwa kushiriki mazungumzo ya barazani. Wright aliikosoa riwaya hiyo vikali ilipotoka, akiona haina hoja nzito. Mimi, kwa heshima zote, naona hakusikiliza ukimya wa Janie nyuma ya kaunta.

Kwa hiyo, Msomaji wa Tanga, ukiniuliza kama mlango wa Crooks ulikuwa mwingine, nitasema ndiyo, na ushahidi wangu ni mdogo: baba yake Crooks alikuwa na shamba la kuku, ekari kama kumi, na watoto wa Kizungu walikuwa wakija kucheza nao hapo. Katika chumba kile, George akiwa mbali, ni Crooks peke yake aliyewahi kuishi katika shamba la namna ile. Lennie na Candy wanalitazama likiwa mbele yao. Yeye analijua kama kitu kilichokwisha kuwepo na kuondoka, na mwandishi hatuambii kiliondokaje. Anaposema hakuna anayekipata kipande chake cha ardhi, hasemi kwa kutojua.

Kijana wa Sura ya Nne alijibu:

Shikamooni wazee. Mimi ndiye kijana aliyesema Crooks ni mwoga, na rafiki yangu ndiye aliyenitumia mjadala huu usiku wa jana.

Nimerudi kuisoma sura hiyo kwa sababu ya orodha ya Mzee Mhasibu, ambayo haikutaja vitu viwili. Mwandishi anasema wazi kwamba katika chumba kile kuna bunduki ya mtutu mmoja. Na miongoni mwa vitabu kuna nakala iliyochakaa ya sheria za madai za California za mwaka 1905. Hoja yangu ilikuwa hiyo: mtu ana bunduki na ana sheria, vyote vimo ndani ya chumba chake, mwanamke anaingia na kumtukana, naye hagusi hata kimoja. Nilitaka kuwauliza kwa nini.

Lakini nilipokuwa nikiandika swali nikaona kwamba sheria ameitumia. Anapomwambia yule mwanamke kwamba hana haki ya kuingia chumbani mwa mtu Mweusi, na kwamba atamwomba bwana wa shamba amkataze, hapo anazungumza kama mtu aliyekisoma kitabu hicho mpaka kikachakaa. Ni hapo hasa ndipo anapotajiwa mti. Bunduki nayo, kama angeigusa, mti ungekuja haraka zaidi. Neno "mwoga" naliondoa. Bado sijapata la kuweka mahali pake, maana "mwenye busara" nalo linanikera. Sitaki kumsifu mtu kwa kunyamazishwa.

Msomaji wa Tanga alijibu:

Mdogo wangu, hilo la sheria hakuna hata mmoja wetu aliyeliona siku ile ya kikao chetu. Nami nimeona jingine baada ya kusoma majibu yenu: sura inaanza Crooks akijichua mgongo, na inakwisha, wageni wote wakiwa wameondoka, akimimina tena matone ya dawa kiganjani na kuupeleka mkono nyuma ya mgongo. Kati ya mara hizo mbili hakuna kilichobadilika chumbani isipokuwa kwamba safari hii amekwisha kusema anachokitaka, na watu wawili wamemsikia.

Kikao kijacho tutasoma tamthilia ya Hansberry kwa sauti, kila mtu na mhusika wake. Tuna nakala mbili tu, kwa hiyo mwenye ya tatu naomba anijulishe. Lindner bado hajapata wa kumsoma.